Swali si Tusi

Aghalabu afisa wa Serikali anaporudi kutoka kijiji ambacho maneno yake hayakupokewa, huandika katika taarifa yake kwamba wananchi wa mahali pale bado hawajaelimika. Taarifa hupanda ngazi, husomwa wilayani na mkoani, na kila aisomaye hutikisa kichwa. Wakati huo huo, barazani kule kijijini, waliobaki husemezana kwamba yule bwana alikuja kuwatukana wazee wao. Pande zote mbili hulala na hasira, na jambo lililomleta afisa, liwe ni chanjo, choo, nyavu au mbegu, hubaki pale pale lilipokuwa.

Tunaandika leo juu ya hasira hiyo, kwa sababu imekwisha kutugharimu mengi katika visiwa hivi na ingali inatugharimu.

Kuna dhana iliyoenea maofisini kwamba mtu hukasirika anapoulizwa juu ya imani yake kwa sababu ya ujinga, na kwamba dawa ya ujinga ni kuelezwa. Kama dhana hiyo ingekuwa kweli, mabingwa wangekuwa watu wapole kuliko wote wanapokosolewa, na kila mtu angezidi kupoa kadiri anavyozidi kuelezwa. Mambo tuyaonayo hayako hivyo. Mtu husomewa hoja kumi na akatoka mkali kuliko alivyoingia. Na msomi mwenye shahada tatu huweza kumnunia mwenzake mwaka mzima kwa sababu ya swali moja lililoulizwa mbele ya watu.

Sisi tunaona kwamba mtu hukasirika kwa sababu imani yake imebeba kitu kingine juu yake. Huenda imebeba heshima ya wazazi waliomlea, au riziki ya nyumba yake, au mahali pake miongoni mwa wenziwe, au gharama ambayo amekwisha kuilipa na haiwezi kurudishwa. Anayeigusa imani hiyo bila ya kujua imebeba nini, ni sawa na mtu anayeng'oa nguzo ya nyumba kwa kuwa imeliwa na mchwa, bila ya kuuliza kwanza ni nani waliolala ndani. Mchwa ni kweli wapo. Lakini wenye nyumba hawatamshukuru.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 30 Julai, 1951, wafugaji wa Kiembe Samaki, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, walifikishwa mbele ya hakimu kwa kukataa ng'ombe wao wadungwe sindano ya kuzuia kimeta kama ilivyoamriwa na Serikali ya kikoloni. Umati ulikusanyika kutaka wenzao waachiwe, ghasia zikafika hadi gerezani, polisi wakapiga risasi na watu wakauawa. Matukio hayo yamebaki katika kumbukumbu za visiwa kwa jina la Vita vya Ng'ombe, na wanahistoria huyahesabu miongoni mwa chemchemi za siasa za vyama zilizofuata katika miaka ya 1950.

Yafaa kila afisa ayatafakari matukio hayo kwa makini. Kimeta ni maradhi ya kweli. Huua ng'ombe, na huweza kumuua binadamu anayechuna ngozi au kula nyama ya mnyama aliyekufa kwayo. Kwa habari ya maradhi, basi, madaktari wa mifugo walikuwa na hoja. Lakini wafugaji wale walikuwa wamekwisha kuona ardhi ya kijiji chao ikichukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Kwa mtu aliyenyang'anywa konde kwa amri, amri nyingine juu ya ng'ombe wake haikuwa tena habari ya dawa. Aliamini kwamba kinacholetwa kwa nguvu hakiletwi kwa faida yake, na imani hiyo hakuitoa hewani. Aliitoa katika yale yaliyompata. Kumwambia kwamba sindano ni njema ilikuwa ni kumtaka akanushe macho yake mwenyewe.

Na upande wa pili je? Watawala nao walikuwa na imani yao. Waliamini kwamba mkulima wa kisiwani hajui faida yake, na kwamba amri ya mtaalamu haihojiwi. Wafugaji walipokataa, walikuwa wanaihoji imani hiyo. Serikali ilijibu kwa mashitaka, kifungo na bunduki. Tukiuliza ni nani aliyetenda kwa ukali zaidi baada ya imani yake kuguswa siku ile, jibu halitakuwa la kuwapendeza wale wanaodhani kwamba hasira ni maradhi ya watu wa shamba peke yao.

Huenda msomaji akasema kwamba yale yalikuwa mambo ya mtawala na mtawaliwa, na kwamba watu wa elimu wakiachwa peke yao hufuata hoja. Na tuwatazame basi watu wa elimu.

Katika Hospitali Kuu ya Vienna, nchini Austria, kulikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilikuwa ya kufundishia wanafunzi wa udaktari, na ya pili ya kufundishia wakunga. Mwaka 1846, katika wodi ya madaktari walikufa akina mama zaidi ya 11 katika kila 100 waliojifungua, hasa kwa homa ya uzazi. Katika wodi ya wakunga hawakufika 3. Jambo hili lilijulikana mjini, hata wanawake wakawa wanalia na kuomba wasipelekwe wodi ya kwanza. Daktari mmoja kutoka Hungary, Ignaz Semmelweis, aliisumbukia tofauti hiyo. Mwaka 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alijikata kidole kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa maradhi yanayofanana sana na yale ya wazazi. Semmelweis akatambua kwamba madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima akina mama, na kwamba mikono yao ndiyo iliyobeba mauti. Akaamuru kila mmoja anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwaka 1848 vifo katika wodi ile viliteremka hadi kiasi cha mama mmoja katika 100.

Mtu angetarajia kwamba mabingwa wangempokea kwa shangwe. La hasha! Wengi walimpinga, cheo chake hakikuendelezwa mwaka 1849, na alipotoa kitabu chake mwaka 1861 wakubwa wa taaluma katika nchi mbalimbali za Ulaya walikipuuza au kukikebehi. Sababu za kitaalamu zilikuwako, kwani wakati ule vijidudu vya maradhi vilikuwa havijathibitishwa, na Semmelweis mwenyewe hakuweza kueleza kwa ukamilifu ni kitu gani hasa kilichobebwa na mikono. Lakini chini ya sababu hizo kulikuwa na jambo lililo zito zaidi. Kukubali maneno yake kulikuwa ni kukubali kwamba mikono ya daktari, aliyeitwa mwokozi wa wagonjwa, ndiyo iliyowaua akina mama wengi kwa miaka mingi. Ni nani ambaye angekuwa tayari kulala na wazo hilo? Ilikuwa wepesi zaidi kumwona mwenye kusema kuwa ndiye mkosa.

Semmelweis naye alizidisha moto. Aliandika barua za wazi akiwaita wapinzani wake wauaji. Alikuwa na ukweli, lakini aliutoa kwa namna ambayo kila aliyeupokea ilimbidi kwanza akiri kuwa ni muuaji, na waliokuwa tayari kulipa bei hiyo walikuwa wachache. Alifariki mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na akina mama wakaendelea kufa katika hospitali za Ulaya kwa miaka kadhaa zaidi. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hapa ulimi uliojikwaa ulikuwa wa mtu mwenye haki, na waliolipa ni wazazi.

Tumetaja gharama ambayo mtu amekwisha kuilipa kwa ajili ya imani yake. Juu ya hili wataalamu wa saikolojia wa Marekani wametuachia ushahidi usiosahaulika. Mwaka 1954 kikundi kidogo cha watu, viongozi wao wakiwa katika kitongoji cha Chicago, kiliamini kwamba gharika kubwa ingetokea tarehe 21 Desemba, na kwamba waumini wangechukuliwa na chombo kutoka angani kabla ya maafa. Baadhi yao waliacha kazi, wengine wakagawa mali zao na kugombana na jamaa zao. Mtaalamu Leon Festinger na wenzake waliingia miongoni mwao ili kuona yatakayotokea siku ikipita bila gharika. Siku ilipita. Usiku wa manane hakikuja chombo wala maji. Alfajiri ilipokaribia, kiongozi wao alitoa ujumbe kwamba dunia imesamehewa kwa sababu ya nuru ya kikundi kile. Na watu wale, ambao kabla ya hapo walikuwa wakiwakwepa waandishi wa magazeti, wakaanza kuyapigia simu magazeti ili kuitangaza imani yao.

Festinger alieleza kwamba mtu hapati utulivu anapobeba mawazo mawili yanayogongana, yaani "nimetoa kila kitu kwa ajili ya jambo hili" na "jambo hili si kweli". Ni lazima moja liondoke. Na kwa kuwa alichokwisha kutoa hakirudi, huliondoa lile la pili, akamchukia pia anayelileta. Waliokuwa wamekusanyika pamoja usiku ule walithibitika zaidi katika imani yao; miongoni mwa waliongoja kila mtu peke yake nyumbani kwake, imani ililegea. Jambo hilo lina maana kubwa kwa yeyote anayekwenda kijijini kuhutubia. Mtu mmoja mmoja aweza kufikiri upya. Umati uliotahayarishwa pamoja hushikana mikono na kujitetea.

Na sasa turudi nyumbani, kwenye jambo linalomgusa kila mzazi wa pwani yetu. Kwa miaka mingi watu wengi wa pwani wameamini kwamba degedege ni maradhi mbali kabisa na malaria. Kwamba yanahusiana na ndege au pepo apitaye na kivuli chake kikamwangukia mtoto. Kwamba tiba yake ni mafusho na kombe. Na kwamba mtoto akipigwa sindano katika hali ile atakufa. Madaktari wanajua kwamba aghalabu mtoto huyo ana homa kali ya malaria, pengine iliyokwisha kupanda kichwani, na kwamba kila saa inayopotea ni hatari kwa maisha yake.

Lakini tuitazame imani ile kwa jicho la mama. Yeye ameona kwa macho yake watoto waliopelekwa hospitali wakiwa mahututi, wakapigwa sindano, wakafa. Hakuambiwa kwamba waliochelewa ndio wanaokufa. Alichokiona ni sindano, na baada yake maiti. Bibi yake na mama yake walimfundisha njia ya kumlinda mtoto, na yeye akaifuata kwa mapenzi. Siku anapofika hospitali hatimaye, mhudumu akamkaripia mbele ya watu, "Mmekwenda kwa waganga mpaka mtoto anataka kufa, ndipo mnaleta hapa!" kinachosikika masikioni mwake ni kwamba yeye amemuua mwanawe na kwamba bibi yake alikuwa mpumbavu. Mama huyo hatabishana, atanyamaza. Lakini mtoto wa jirani yake atakapopata degedege, atamshauri aende popote ila pale alipotukanwa. Karipio lile halikumwokoa mtoto wa kwanza, na huenda likampoteza wa pili.

Hapa ndipo tunapoona kwamba swali na lawama ni vitu viwili, na kwamba watu wengi hawakasirishwi na swali bali na lawama iliyofichwa ndani yake. Mhudumu angeweza kusema: "Umefanya vyema kumleta. Mafusho hayaifikii homa hii. Dawa yetu huifikia, na huifikia zaidi mtoto akiletwa mapema." Maneno hayo yanaipinga imani ya zamani wazi wazi, wala hayafichi ukweli. Ila yanamwachia mama mlango wa kutokea akiwa na heshima yake.

Upo pia mfano wa mlango huo kufunguliwa hapa hapa kwetu. Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, na wavuvi wa vijiji vingi hupiga dago huko. Masimulizi ya wazee hulihusisha jina lake na msala wa kusalia, kwa mtu mtakatifu aliyeswali pale. Eneo lake la bahari lilifanywa hifadhi mwaka 1998. Kwa mvuvi aliyelelewa akiamini kwamba riziki ya bahari hutolewa na Mwenyezi Mungu na haina mwisho, kuambiwa na mtaalamu kwamba samaki wanakwisha kulikuwa na sauti ya kumkanusha Mola. Mabango na makatazo hayakuingia moyoni. Ndipo wahifadhi walipoamua kushirikiana na masheikh, na mafundisho yakatolewa kutoka ndani ya dini yenyewe: kwamba mwanadamu amewekwa duniani kuwa khalifa, yaani mwangalizi wa amana, na kwamba israfu imekatazwa. Mvuvi hakutakiwa aiache imani yake ili ayalinde matumbawe. Alionyeshwa kwamba imani ile ile ndiyo inayomwamuru ayalinde. Hatusemi kwamba uvuvi haramu ulikoma kwa siku moja. Tunasema kwamba neno lilisikilizwa pale ambapo tangazo la Serikali lilikuwa halisikilizwi, na sababu ni kuwa halikumjia mtu kama adui wa kile anachokithamini kuliko vyote.

Kutokana na haya tuna maneno kwa maofisa, na tuna maneno kwa wananchi wenzetu.

Kwa maofisa tunasema: kabla ya kwenda kuibadilisha imani ya watu, ulizeni kwanza imebeba nini. Iwapo watu wanaikataa chanjo, chunguzeni ni ahadi gani iliyovunjwa kabla yake. Iwapo wanakataa kufunga eneo la uvuvi, jueni watakula nini katika miezi ya kufungwa. Zungumzeni na watu wachache wachache, majumbani na kwenye dago, kabla ya kuitisha mkutano wa hadhara. Wala msidhani kwamba cheo huwakinga na maradhi tunayoyasema. Ofisi nayo ina imani zake: kwamba mradi uliokwisha kutumia fedha lazima utakuwa mwema, kwamba mpango uliotiwa sahihi na mkubwa hauwezi kuwa na kasoro. Mwananchi anapouliza juu ya mpango huo, afisa akamwita mchochezi, huyo afisa ametenda kama profesa wa Vienna, na wapo watakaolipa.

Hatusemi kwamba sheria ikae kimya mpaka kila mtu aridhike. Baruti ikilipuka juu ya matumbawe haingojei mashauriano, na mtoto mwenye homa hawezi kungoja. Yapo mambo ambayo Serikali hapana budi iyazuie leo. Lakini hata pale inapozuia, ni wajibu wake kueleza bila ya kudhalilisha, kwa sababu sheria huweza kuuzuia mkono tu. Moyo unabaki na mwenyewe, nao ndio utakaouongoza mkono wakati askari hayupo.

Kwa wananchi wenzetu tunasema: mwacha asili ni mtumwa, ni kweli, lakini asili ya watu wa visiwa hivi ni pamoja na kuuliza na kujifunza. Mabaharia wetu hawakuvuka bahari kwa kung'ang'ania nyota moja wakati mawingu yameifunika. Hasira inapotupanda kwa sababu ya swali, yafaa kila mmoja wetu ajiulize kimoyomoyo: ninalinda ukweli, au ninalinda uso wangu? Na ni jambo gani likionekana, litanifanya nibadili rai yangu? Ikiwa hakuna jambo lolote duniani ambalo lingeweza kutubadili, basi hatubishani tena juu ya ukweli. Ukali wa sauti haujapata kuithibitisha imani yoyote, kama vile ukali wa anayeuliza haujapata kuibatilisha.

Wafugaji wa Kiembe Samaki wangeweza kuelezwa. Akina mama wa Vienna wangeweza kuokolewa mapema. Katika mambo yote mawili ulikuwako ukweli na walikuwako watu wa kuusikia. Kilichokosekana ni njia ya kuufikisha bila ya kumvunjia mtu heshima yake. Chanjo nyingine itakuja, maradhi mengine yatazuka, na bahari itahitaji kupumzishwa. Safari ijayo afisa atakapopiga hodi kijijini, tunaomba aanze kwa kuuliza na kusikiliza. Nao wenyeji, kabla hawajakunja uso, wamkaribishe barazani na wamsikilize mpaka mwisho.